Figo Si Chujio

Katika madaftari ya wanafunzi wa elimu ya viumbe liko jibu moja ambalo limenakiliwa mwaka hata mwaka, tangu wale waliokalia madawati haya zamani mpaka wadogo zetu wa leo: figo ni chujio la mwili, na kazi yake ni kuchuja uchafu katika damu. Jibu hilo hupewa alama zake, na mwanafunzi hufunga daftari akaenda kula. Mimi nasema kwamba jibu hilo lina kasoro kubwa, na kasoro yenyewe haiishii katika chumba cha mtihani. Hutoka nje ikafika mpaka kwenye kituo cha mabasi, ambako mtu mwenye kipaza sauti huuza chupa za dawa ya majani akitangaza kwamba huosha mafigo. Watu hununua, na miongoni mwao wamo waliosoma. Kwa nini wasinunue? Walifundishwa kwamba wana chujio mwilini, na kila mtu ajua kuwa chujio likitumika sana huziba, na likiziba huoshwa.

Basi tulitazame kwanza chujio lenyewe. Mtu achujapo chai, majani hubaki juu na chai hupita chini. Kisichotakiwa kimezuiwa, kinachotakiwa kimepita, na kazi imekwisha. Majani hutupwa, chujio likasuuzwa. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba figo ni chujio hudhani kuwa damu hupita ndani ya figo, uchafu ukabaki, na uchafu ule ndio mkojo. Hana kosa kudhani hivyo, maana ndivyo neno lilivyo. Lakini figo halifanyi hivyo hata kidogo.

Ziko njia mbili za kuondoa taka nyumbani. Ya kwanza ni kupita chumba kwa chumba ukitafuta kila kilicho taka, ukiokota kimoja kimoja na kukitupa. Njia hii yataka ujue sura ya kila taka. Ya pili ni kutoa kila kitu uani, vitanda, sufuria, nguo, vitabu, pamoja na taka zote zilizomo, kisha kurudisha ndani vile tu unavyovitambua kuwa ni vyako. Kinachobaki uani hufagiliwa. Mtu afuataye njia ya pili angechekwa na majirani, na kama angeifuata mara sitini kwa siku wangesema amerukwa na akili. Lakini hiyo ndiyo njia ya figo, na hizo mara sitini sikuzitia chumvi.

Kila figo lina vyombo vidogo vipatavyo milioni moja, navyo huitwa nefroni. Nefroni moja ni mrija mwembamba sana ambao mwanzo wake umebonyea kama kikombe, na ndani ya kikombe hicho kimekaa kifundo cha vishipa vya damu vilivyo vyembamba kuliko unywele. Marcello Malpighi, Mwitalia, aliviona vifundo hivyo kwa darubini na kuandika habari zake mwaka 1666, lakini hakuweza kuthibitisha vimeungana na nini. Ikapita miaka 176 mpaka William Bowman, daktari kijana wa London, alipoonyesha mwaka 1842 kwamba kikombe kile ndio mwanzo wa mrija. Mwaka ule ule Carl Ludwig, Mjerumani, alitoa rai kwamba maji husukumwa kutoka katika kifundo kwa nguvu ya damu tu, na kwamba sehemu yake kubwa hurudi katika damu njiani. Wengi hawakumkubali, na ubishi huo ulidumu miaka themanini.

Kifundo chenyewe kimejengwa kwa namna ya ajabu. Mshipa unaoingiza damu ni mpana kuliko ule unaoitoa, kwa hiyo damu husongamana ndani, na shinikizo lake huwa karibu mara mbili ya lile lililo katika vishipa vyembamba vya mahali pengine mwilini. Ukuta wa vishipa hivyo una matundu. Nje ya ukuta uko utando, na nje ya utando ziko seli zenye vidole vingi, ambavyo vimeingiliana kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana. Katika nafasi zilizo baina ya vidole hivyo hupita maji, chumvi, sukari, yurea, na dawa uliyomeza asubuhi. Chembe za damu hazipiti, wala protini kubwa hazipiti ila kidogo sana.

Hapa mtu ataniambia, je, hilo si chujio? Nakubali, mahali hapa pana chujio. Lakini tazama limechuja nini. Limezuia chembe za damu na protini, vitu ambavyo ni mali ya mwili, na limepitisha sukari na chumvi, ambavyo navyo ni mali ya mwili, pamoja na yurea ambayo ni taka. Halikutenga kizuri na kibaya. Limetenga kikubwa na kidogo, basi. Kama kazi ya figo ingekomea hapo, mtu angekufa kwa kukauka kabla ya saa moja kwisha.

Waliomaliza ubishi wa Ludwig na wapinzani wake ni Wamarekani wawili, Joseph Wearn na Alfred Newton Richards, katika mji wa Philadelphia, nao walitoa habari zao mwaka 1924. Walimchukua chura, wakaingiza mrija wa kioo wenye ncha nyembamba mno ndani ya kikombe kimoja cha figo lake, wakavuta tone dogo la maji yaliyomo. Katika tone lile hamkuwa na protini, lakini sukari ilikuwamo, ingawa katika mkojo wa kibofu cha chura yule yule sukari haikuwamo. Sukari ilitoka, kisha ikarudishwa njiani. Kwangu mimi jaribio hili lapita mengi yaliyomo katika vitabu vyetu, kwa kuwa lafahamika na mtoto wa kidato cha pili, na sielewi kwa nini halifundishwi.

Sasa hesabu. Mafigo yote mawili ya mtu mzima yana uzito wa gramu 300 hivi, lakini moyo huyapelekea karibu sehemu moja katika tano ya damu yote unayoisukuma, yaani zaidi ya lita moja kila dakika. Maji yanayopita katika vifundo ni mililita 125 kwa dakika. Yaonekana kidogo. Zidisha kwa dakika za siku nzima nawe utapata lita 180, ambazo ni madebe tisa ya lita 20. Maji ya damu, bila chembe zake, ni kiasi cha lita tatu tu, kwa hiyo hutolewa yote na kurudishwa mara sitini kwa siku. Pamoja nayo hutoka chumvi kadiri ya kilo moja na nusu, na sukari gramu 180 hivi. Lakini mkojo wa mtu mwenye afya kwa siku ni lita moja na nusu tu, chumvi iliyomo ni kama gramu kumi, na sukari hamna.

Anayetoa ni moyo, maana ndio unaosukuma. Figo hurudisha, na kurudisha ndiko kunakolichosha. Mafigo hayafiki nusu ya asilimia moja ya uzito wa mwili, lakini hutumia oksijeni nyingi kupita kadiri yake, na karibu yote hutumika kuendesha pampu zinazorudisha sodiamu. Katika sehemu ya kwanza ya mrija, iliyopindapinda, seli zina nywele fupi kama brashi, na hapo theluthi mbili za maji na chumvi hurudi, na sukari hurudi yote. Sukari haina pampu yake. Hupanda pamoja na sodiamu, kama abiria anayepewa nafasi katika lori la mizigo. Nafasi zenyewe zina idadi. Sukari ikizidi sana katika damu, kama kwa mgonjwa wa kisukari, nyingine hukosa nafasi ikaingia katika mkojo. Wale wa zamani waliotambua ugonjwa huo kwa kuona chungu wakikusanyika penye mkojo walikuwa wakiona malori yaliyojaa, ila hawakujua.

Kwa nini mwili ulichagua njia hii ya gharama? Aliyelifikiri sana swali hili ni Homer Smith, mwalimu wa Chuo Kikuu cha New York aliyefariki mwaka 1962, naye alilifuata mpaka huku kwetu. Mwaka 1928 alifika Ziwa Viktoria kutafuta samaki yule aitwaye kamongo. Waganda humwita mmamba, wala asidhaniwe kuwa ni mamba wa Kiswahili alaye watu, na wako watu wa ukoo wake katika Buganda ambao hawamli. Kamongo ana mapafu. Kinamasi kikikauka hujifukia katika tope, akalala humo miezi mingi pasipo kunywa wala kutoa mkojo, na yurea yake hurundikana mwilini mpaka mvua inyeshe. Smith alimpenda samaki huyu hata akaandika hadithi iliyochapishwa mwaka 1932 kwa jina la Kamongo. Ni jambo la kustaajabisha kwamba mmoja wa mabingwa wakubwa wa figo katika karne iliyopita alijifunza kwa samaki wa ziwa letu, na wanafunzi wanaokaa ufukoni pake hawamjui.

Katika kitabu alichokitoa mwaka 1953 Smith alieleza hivi. Samaki akaaye katika maji matamu ana chumvi mwilini kuliko maji yaliyomzunguka, kwa hiyo maji humwingia mchana na usiku. Alihitaji chombo cha kuyatoa maji kwa wingi, na kifundo kikapatikana. Vizazi vyake vilipotoka kuishi nchi kavu, vilitoka na kifundo kile kile, chombo cha kumwaga maji, mahali ambapo maji ni haba. Havikuweza kukiacha, vikalazimika kuimarisha mrija ili urudishe kilichomwagwa. Wako wataalamu waliompinga juu ya asili ya samaki wa kwanza katika maji matamu, maana wako samaki wa baharini wa ukoo wa kale sana ambao nao wana vifundo, na naona hoja yao ni nzito. Lakini ukweli mmoja wabaki: wako samaki wengine wa baharini, kama farasi-bahari, ambao hawana vifundo kabisa, na mafigo yao hufanya kazi bila kuchuja. Basi kuchuja si roho ya figo.

Kamongo amekosa kitu kimoja tulicho nacho sisi, ndiyo maana hulala katika tope. Amekosa kitanzi cha Henle, ambacho wanyama wanyonyeshao na ndege tu wanacho. Baada ya sehemu ya kwanza, mrija wetu hushuka chini katika kiini cha figo, ukageuka, ukapanda tena. Upande ushukao huachia maji yatoke. Upande upandao hutoa chumvi wala hauachii maji. Kwa ujanja huo nyama ya ndani ya figo hukolea chumvi mpaka ikapita damu mara nne. Mwisho, mfereji wa kukusanya mkojo hupita katikati ya nyama hiyo ya chumvi. Ukiwa na kiu, homoni kutoka ubongoni hufungua vijilango vya maji katika kuta za mfereji, maji hunywewa na chumvi ile, na mkojo hutoka mchache na mzito. Ukinywa maji mengi homoni hupungua, vijilango hufungwa, na mkojo hutoka mwingi na mweupe. Vijilango hivyo vilivumbuliwa na Peter Agre wa Marekani, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Narudi kwa mwuza dawa. Faida kubwa ya njia ya figo ni kwamba mwili hauna haja ya kuijua kila taka. Kitu kidogo ambacho babu zetu hawakupata kukila kikiingia katika damu, kitapita katika kifundo, na kwa kuwa mrija haukitambui kuwa ni mali yake, aghalabu kitakwenda zake. Taka haijikusanyi katika matundu kama majani ya chai, hata ikangoja mtu aje kuisuuza. Yurea na maji hupita pamoja kila dakika. Hakuna cha kuosha.

Lakini njia hiyo ina hatari yake, na hii ndiyo inayonifanya niandike. Maji yakirudishwa, kile kisichorudi hukolea ndani ya mrija, mara kumi, mara hamsini, hata mara mia na zaidi. Tena seli za mrija, ambazo kazi yake ni kuvuta vitu, huweza kuvuta sumu pamoja na vilivyo vyao. Kwa hiyo dawa ya kuosha figo, kama ina sumu, hulipata figo kabla ya viungo vingine vingi. Mjini Brussels, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliotumia dawa ya majani ya kupunguza unene waliharibikiwa na mafigo, na ikagunduliwa kwamba mmea wa jamii ya Aristolochia ulikuwa umechanganywa ndani yake. Katika nchi ya Gambia, mwaka 2022, watoto zaidi ya 60 walikufa baada ya kupewa dawa ya kikohozi ya maji iliyotiwa kemikali isiyofaa kuliwa. Mafigo yao yalikoma. Sisemi kwamba kila mti ni sumu, maana dawa nyingi za hospitali zilianza katika miti. Hata zile dawa mpya za kisukari ambazo majaribio ya mwaka 2019 na 2020 yalionyesha kuwa huyakinga mafigo zilitokana na kitu kilichopatikana katika gome la mtufaha mwaka 1835. Hizo huzuia sukari isirudi katika mrija. Anayeamini kuwa figo ni chujio hawezi kuelewa dawa hiyo yafanya nini, maana katika chujio hakuna kurudi.

Dawa za maumivu nazo zafaa kutajwa, kwa kuwa wanafunzi huzimeza kama njugu. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni huzuia kitu kinachouweka wazi ule mshipa uingizao damu katika kifundo. Mtu aliyekunywa maji ya kutosha aweza asione neno. Lakini aliyecheza mpira juani, akatoka jasho lita nzima, kisha akameza vidonge viwili juu ya vingine viwili, amekifungia kifundo mlango wakati ule ule damu ilipopungua.

Na nefroni haioti tena. Zote hutengenezwa tumboni mwa mama, na kazi hiyo hukoma kama juma la 36 la mimba. Wako watu waliozaliwa na nefroni laki mbili katika figo moja na wako wenye zaidi ya milioni mbili, wala hakuna awezaye kujua fungu lake kwa kujitazama. Zikifa baadhi, zilizobaki huchukua kazi yao, shinikizo likapanda ndani ya vifundo vyake, nazo zikachoka mapema. Mwenyewe haoni kitu. Hula, hutembea, hukojoa kama desturi, mpaka zimebaki chache.

Hapo ndipo hupelekwa kwenye chujio la kweli. Willem Kolff, daktari wa Uholanzi, alianza kumtibu mgonjwa kwa mashine ya kusafisha damu mwaka 1943 katika mji wa Kampen, na za leo hufuata akili ile ile: damu hupita upande mmoja wa utando, maji yaliyotayarishwa upande wa pili. Mashine haiwezi kurudisha. Kwa hiyo yale maji hutiwa mapema chumvi na sukari kwa kipimo kilicho sawa na cha damu, ili vilivyo vizuri visipotee. Mgonjwa hulala hapo kama saa nne, mara tatu kwa juma, na siku nyingine zote hupimiwa maji ya kunywa. Ni kazi njema inayookoa watu, tena ni ghali mno kwa jamaa nyingi za huku kwetu.

Najua waalimu watanijibu kwamba mtoto hufundishwa kwa mfano rahisi, na kwamba chujio kila mtu analo jikoni. Mfano rahisi ni mzuri ukiwa unaelekea kwenye ukweli, lakini huu waelekea upande mwingine. Kutoa vyote na kurudisha vyako nako ni mfano rahisi, na kila mtoto aliyewahi kuhama nyumba aufahamu.

Ningependa pia tuache kuchora figo ubaoni tu. Mwuza nyama yeyote ana figo la mbuzi. Lipasueni kwa urefu kwa kisu kikali. Nje mtaona sehemu ya rangi ya kahawia, na mkiitazama kwa kioo cha kukuza mtaona vitone vyekundu vidogo mno, ndivyo vifundo vya Malpighi. Ndani mtaona nyama yenye mistari iliyonyoka, ambako vitanzi vya Henle hushuka na kupanda. Kisha mwalimu aulize swali hili, wala asilijibu siku ile: mbuzi huyu alipokuwa hai, kwa nini alitoa maji yote yale kama alikuwa anayataka?